Uzi Uliomshona Dada Yangu

Landrover niliyopewa lifti ilinasa matopeni pale Kerege, tukashuka wote kuisukuma. Nilifika hospitali ya Bagamoyo viatu mkononi, gauni limejaa tope. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya sabini, masika yamepamba moto. Dada yangu, aliyenilea tangu mama yetu alipofariki, alikuwa na uchungu tangu alfajiri ya jana yake. Mtoto alikuwa amekingama tumboni, na wakunga walikuwa wameshindwa kumgeuza.

Mumewe alisimama barazani, kanzu imemlowa mabegani.

"Shikamoo, shemeji."

"Marahaba. Afadhali umekuja. Daktari anataka kumpasua, kisha amshone kwa uzi ambao, kwa kauli yake mwenyewe, utayeyuka. Sasa ukishayeyuka, tumbo litashikwa na nini?"

Aliniuliza mimi kwa kuwa nilikuwa nimerudi kutoka ng'ambo, nilikosomea kemia. Mwaka wangu wa mwisho huko niliumalizia kwenye maabara iliyokuwa ikijaribu kutengeneza nyuzi za namna hiyohiyo. Nyumbani hakuna aliyewahi kujua hasa nilichokuwa nikifanya.

"Utashikwa na nyama yenyewe," nikamwambia. "Uzi unakaa mpaka kidonda kishikane, ndipo mwili unauvunja kidogokidogo."

"Nasikia nyuzi za hospitali ni utumbo wa wanyama. Huu umetoka kwa mnyama gani?"

"Hautoki kwa mnyama. Unatengenezwa kwa asidi. Asidi ile hugeuzwa kwanza vijipete vidogo visivyoonekana kwa macho, halafu tunatia kichocheo cha bati. Bati hukifungua kipete kimoja, likakiunga na cha pili, na cha tatu, mpaka unapatikana mnyororo mrefu. Mnyororo huo ndio uzi."

"Bati hili la kuezekea?"

"Hapana. Lile wanalopaka ndani ya sufuria za shaba. Na linatiwa chembe tu."

Shemeji alikuwa mtu wa dukani, amezoea kusikia bidhaa ikisifiwa. "Wewe ungekubali ushonwe nao?"

Nikasema ndiyo. Akaenda kumwambia daktari aendelee.

Sikumweleza yote. Kule maabara tulifanya kazi kwa hofu ya kitu kimoja tu: unyevu. Maji kidogo yakiingia kwenye chupa, minyororo hukatika ingali mifupi na uzi hutoka dhaifu. Hata uzi mzuri, ukipata hewa yenye maji, huanza kuvunjika vilevile unavyovunjika mwilini. Siku moja msimamizi wetu alimwaga kazi yetu ya mwezi mzima kwa sababu kizibo hakikukaza sawasawa. Na sasa nilikuwa Bagamoyo, kwenye masika, ambako hata chumvi ya mezani ilikuwa imegeuka maji.

Nikamfuata daktari. Alikuwa mgeni, kijana bado, Kiswahili chake cha kujikakamua lakini kinaeleweka. Nikamwomba nizione pakiti za uzi.

"Sasa hivi? Mama anapelekwa ndani."

"Nizitazame tu, daktari."

Muuguzi akazileta kwenye trei. Zilikuwa chache, kila moja imefungwa kwa karatasi ing'aayo kama fedha. Nikazinyanyua mojamoja dirishani. Nyingine zilikuwa nzima. Moja ilipitisha nuru pembeni, kitundu kama cha sindano.

"Hii usiitumie."

"Nikiiacha hazitatosha. Uzi wetu wa kawaida wa kushonea ndani umekwisha na dawa hazijaletwa kwa sababu ya barabara."

"Unyevu umeshaingia."

Akaichana ile pakiti, akautoa uzi, akanipa. "Vuta."

Nikauzungusha vidoleni nikavuta kwa nguvu zangu zote. Haukukatika. Ulinikata mimi, ukaniachia mstari mwekundu. Kule ndani dada alipiga ukelele, mara moja, kisha kimya.

"Unaona?" akasema daktari.

"Leo unashika. Siwezi kukwambia utashika wiki ijayo, na wiki ijayo ndiyo tunayoihitaji."

Sijui kama nilikuwa sahihi. Mpaka leo sijui. Nilikuwa nikimpunguzia dada yangu uzi kwa ajili ya kitundu cha sindano. Daktari akaisukuma pakiti ile kando.

"Basi nzima zote zitaenda kwenye mfuko wa uzazi. Juu, kwenye ngozi, nitashona kwa hariri. Nitabana matumizi."

Mlango ukafungwa. Mimi na shemeji tukakaa kwenye benchi. Alikuwa akivuta uradi kimyakimya, nami nikawa nahesabu kichwani kila kitu kinachoweza kuuharibu uzi kabla haujamfikia mtu: kiwandani, melini, bandarini, stoo.

Mtoto alilia kabla ya adhuhuri. Alikuwa wa kike. Dada alitoka amefumba macho, midomo imemkauka, lakini mzima.

Nilidhani hofu imekwisha, kumbe ndiyo kwanza inaanza. Dada alishikwa na kikohozi. Kila akikohoa nilimkandamizia mto tumboni, nikimtazama usoni nione kama kuna kilichoachia. Homa ikampanda, upande mmoja wa kidonda ukatoa usaha. Shemeji aliacha kunitazama.

"Mbona umenikodolea macho hivyo?" dada akaniuliza jioni moja. "Nakufa?"

"Hufi."

"Basi nipe uji, uache kunitisha."

Usaha ulikuwa wa juu tu, kwenye ngozi. Ulisafishwa, ukakauka, na nyuzi za hariri zikatolewa. Ndani hakukuachia kitu. Siku daktari alipombonyeza tumbo akaitikia kwa kichwa, ameridhika, shemeji alitoka nje akakaa peke yake muda mrefu. Aliporudi aliniletea chai, akanimiminia mwenyewe, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

Baada ya arobaini nilikwenda kuwaona, nikaikuta nyumba tupu. Jirani akaniambia dada amebeba mtoto wake kwenda Kaole kumwonyesha shangazi yetu, kwa miguu. Nikawafuata njia nzima nikigomba peke yangu.