Redio Iliponyamaza Katikati ya Tangazo la Msiba

Kazi yangu ni kutunza kompyuta za taasisi ndogo zisizoweza kuajiri mtu wa kompyuta. Wakati huo nilikuwa nazo tatu: shule ya awali na zahanati ya binafsi pale Nachingwea, na kituo kidogo cha redio kule Ruangwa. Intaneti yetu ni ya kusuasua, kwa hiyo nilifunga seva moja Nachingwea iwe inapakua masasisho, yale ambayo kila mtu huyaita apdeti, kisha inayagawa kwa mashine nyingine zote. Nilijivunia sana mpango ule.

Kisha virusi vikaingia zahanati kupitia flashi ya mtu, na mafaili ya wagonjwa yakagoma kufunguka kutwa nzima. Nilikasirika. Nikaamua mashine zote za taasisi zote zisasishwe kwa mpigo, mchana, watu wakiwa wamekwenda kula na kuswali. Nikakaa mbele ya seva, nikabofya, nikaegemea kiti kama mtu aliyemaliza kazi kubwa.

Kompyuta ya studio haikutakiwa kuwemo. Hiyo ndiyo inayopeleka sauti hewani, na siku zote nilikuwa naisasisha mwenyewe nikiwa nimesimama mbele yake. Siku ile iliachwa ndani ya kundi la mashine za kusasishwa kwa sababu moja tu: sikuangalia.

Mtangazaji akanipigia simu. Ni binti mtulivu, lakini sauti yake ilikuwa inapanda.

"Kaka, mashine imejizima yenyewe. Sasa inawaka na imeandika nisiizime."

"Ulikuwa hewani?"

"Nilikuwa nasoma matangazo ya vifo."

"Usiiguse. Subiri imalize."

"Nisubiri vipi, kaka? Redio iko kimya!"

Nilisubiri naye. Nikiwa Nachingwea, sikuwa na kingine cha kufanya. Ilipowaka, alirudia tangazo lote tangu mwanzo, kisha akawaomba radhi wasikilizaji kwa hitilafu ya mitambo iliyo nje ya uwezo wetu. Nikasikia aibu, maana ilikuwa ndani ya uwezo wangu kabisa. Lakini ilikuwa aibu nyepesi, nikala chakula changu cha jioni vizuri tu.

Kesho yake meneja wa redio aliniita Ruangwa. Sikumkuta akifoka, na hilo ndilo lililonitisha. Aliniambia kwamba mwanaume aliyekuja jana kutoka Nambilanje kutangaza kifo cha mama yake alikuwa amerudi asubuhi ile.

"Amekuja kulalamika?"

"Hapana. Amekuja kuuliza kilichotokea, ili akamweleze dada yake. Nimemwambia utakwenda kumweleza mwenyewe."

Tulipanda bodaboda, meneja na mimi, hadi msibani. Wanaume walikuwa wamekaa nje kwenye mikeka. Tuliwapa pole, wakaitikia, wakatupisha tukae. Yule mwanaume alipojua mimi ni nani, alininyanyua taratibu kwa kunishika mkono, akanipeleka uani alikokuwa dada yake.

Alikuwa mama mtu mzima, ameolewa kijiji kimoja huko Nachingwea. Simu yake siku ile haikuwa na chaji, ndiyo maana wakakimbilia redio.

"Shikamoo, mama. Pole sana kwa msiba."

"Marahaba. Ndiye wewe wa kompyuta?"

"Ndiye mimi."

Alizungumza polepole, akichanganya Kimwera, na kaka yake akinisaidia pale nilipoachwa. Alisema alikuwa anapepeta ufuta huku redio inaimba. Likaja tangazo. Akasikia jina la ukoo wao, akasikia Nambilanje, akasikia kwamba familia inasikitika kutangaza kifo cha. Halafu kimya. Akaitikisa redio, akabadilisha betri. Kimya. Hakusubiri. Akajifunga khanga, akatafuta bodaboda.

"Dereva aliniuliza nani kafa. Nikamwambia sijui, twende tu. Njiani niliwazika wote, mwanangu. Mmoja mmoja. Nilimzika kaka huyu, nikamzika mjukuu wangu anayelelewa hapa. Nilipofika nikamwona kaka yuko mlangoni, nikamwona na mtoto anacheza, nikasema alhamdulillahi. Kwa sauti. Kumbe ni mama. Watu wote wamenisikia nikishukuru siku mama yangu amekufa."

Nilikuwa nimejiandaa kueleza habari za masasisho na usalama wa kompyuta. Niliyaacha yote hayo. Nilisema, "Ni mimi niliyekosea, mama. Nisamehe."

"Nimesikia," alijibu, akamgeukia mwanamke aliyekuwa anapakua chakula, akamwambia aniletee maji ya kunawa. Nikala ugali na kisamvu chao.

Tangu siku hiyo kompyuta ya studio haimo kwenye kundi lolote. Naisasisha asubuhi, kituo kikiwa kinarusha matangazo kwa mashine ya akiba tuliyoiongeza, na siondoki mpaka mtangazaji aseme sawa. Na yule mama alipomtuma kaka yake na tangazo la arobaini, aliagiza jina la marehemu litangulie mbele ya yote. Meneja akaufanya huo uwe utaratibu wa kituo kwa matangazo yote ya vifo.

Yule mama nimemwona mara moja tu baada ya hapo, stendi ya Nachingwea, amebeba mtoto mgongoni. Alikuwa anakuja upande wangu. Nilipaswa kumwamkia, kumuuliza hali za nyumbani. Badala yake niliingia duka la vipuri vya pikipiki, nami sina pikipiki. Muuza duka akaniuliza natafuta nini. Nikamwambia naangalia tu, nikabaki nimeinamia minyororo na plagi hadi alipopita.