Nyumba Iliyokuwa Ikipanda

Kosa langu la mwanzo lilikuwa kuiamini ngazi ya ofisi ya kijiji. Katika kijiji chetu kipya cha ujamaa pale Makanya, hiyo ndiyo ilikuwa saruji pekee, na nilipoiona ngumu na safi vile, nikaifanya mahali pa kuanzia vipimo vyangu vyote.

Chini yetu kulikuwa na mashimo. Kabla ya kijiji, watu walichimba jasi wakiifuata chini kwa chini, kisha wakaondoka, na hakuna aliyejua hasa njia zao zilipita wapi. Sasa ardhi ilikuwa inatitia hapa na pale. Mwenyekiti alitaka mtu wa kuitazama, nami nikajitolea. Kazi hiyo sikuisomea. Nilijifunza mwenyewe, kwa kitabu kilichokwisha kupoteza jalada na kwa kuchungulia mafundi ujenzi. Nilitumia mpira wao mrefu unaoonyesha maji ndani: maji husimama kimo kimoja ncha zote mbili, nawe ukaona kigingi kipi, kati ya vile nilivyopigilia kwenye kila nyumba, kimeshuka.

Niliogopa kukosea kiasi cha kujichosha. Nikiona povu moja ndani ya mpira, namwaga maji yote naanza upya. Lakini asubuhi zile nilizipenda. Ukungu ulikuwa bado umelalia milima, na vumbi la jasi limeyafanya majani kuwa meupe. Nilitembea kati ya vigingi taratibu, kama mtu anayepita karibu na mgonjwa aliyepata usingizi. Treni ikipita, maji yalitetemeka kwenye mpira, na kwa kitambo nilijiona ninaelea juu ya vyumba vyeupe, vitupu, visivyo na mlango.

Vigingi vyote vilitulia, isipokuwa kimoja. Kilikuwa kwa mama mjane aliyeshuka kutoka mlimani na kujenga mwisho kabisa wa kijiji. Kila nikipima, kigingi chake kilikuwa kimepanda kidogo.

Habari zikaenea. Siku moja, nikiwa nimekwenda kupima, fundi wa matofali akamkuta mama anafagia uwanja.

“Mama, nyumba yako inakwenda mbinguni! Ukifika utusalimie.”

“Nitawasalimia, mwanangu. Ila ninyi mko chini huko, sijui salamu zitawafikiaje.”

Tukacheka wote. Nilipomwamkia, kicheko chake kikaisha.

“Marahaba, baba. Umekuja tena na mpira wako? Nyumba ya mlimani niliiacha kwa hiari yangu, nikaja tuishi pamoja. Hii nimeisiliba kwa mikono hii. Mkiibomoa, ya tatu siwezi.”

Nikatandaza mpira, nikapima tena. Vipimo vyangu vilikuwa safi mno, na usafi ule ulinilewesha. Nikauambia mkutano kwamba ardhi ya mama inasogea na nyumba itamwangukia. Ikapangwa msaragambo wa kuibomoa, kazi yetu ya pamoja ya Upareni: pembe ikipigwa, kila kaya inatoa mtu.

Asubuhi ya siku hiyo nilikwenda kwenye kalvati ya reli, daraja dogo la kupitishia maji chini ya njia ya treni, lililojengwa juu ya mwamba. Nilikuwa nimeipima mwanzoni kabisa kwa kujizoeza tu, nikaisahau. Sijui kwa nini niliirudia. Nadhani wasiwasi ulikuwa unatafuta mahali pa kukaa. Nikasogeza mpira kigingi kwa kigingi hadi pale, nikasoma. Kalvati nayo ilikuwa imepanda, kiasi kile kile cha nyumba ya mama.

Mwamba hauwezi kupanda na treni zinapita juu yake. Basi ngazi yangu ndiyo ilikuwa inazama, na safu nzima ya nyumba ilizama pamoja nayo, taratibu, bila kelele. Nikaukumbuka mlango wa ofisi, uliokuwa umeanza kugoma kufunga. Tulimlaumu seremala.

Pembe ikalia.

Nikakimbia na mpira begani, maji yakinimwagikia mgongoni. Nilipofika, vijana walikuwa wameshashusha bati la kwanza. Mama alikuwa amekaa juu ya godoro lake nje, amewapa kisogo.

“Acheni!” nikasema. “Yake ndiyo iliyosimama. Sisi ndio tunashuka.”

“Jana ulisema nini, ndugu?” mwenyekiti akauliza.

“Jana nilikosea. Ngazi ya ofisi inazama.”

 Kisha fundi wa matofali akasema, “Kumbe wanaokwenda ni sisi, salamu ni zetu,” lakini hakuna aliyecheka sana.

Bati likarudishwa. Msaragambo ule ule ukageuka: watu walibeba mawe hadi kwenye mdomo wa njia ya zamani ya wachimba jasi, uliopatikana nyuma ya ofisi, wakaanza kuijaza. Baadaye nyumba zilizokuwa juu yake zilijengwa upya, jirani na kwa mama.  Siku ile mama aliingiza godoro lake ndani, akafunga mlango.

Nimebadilika kwa jambo moja. Kabla kipimo changu hakijafika mkutanoni, napita kwanza kwa mwenye nyumba, namwonyesha maji kwenye mpira, na namweleza nimeanzia kupima wapi.