Mogaka na Nasaba ya Celica

Elkana Mogaka, fundi wa magari mjini Migori, alikuwa na nasaba mbili kichwani. Ya kwanza ilikuwa ya ukoo wake, na hiyo ilimkwamia kwa babu wa tatu. Ya pili ilikuwa ya gari liitwalo Celica, na hiyo hakukwama mahali popote, hata ungemwomba akwame.

Ugonjwa huo aliupata mwaka 1985, alipokuwa kibarua katika gereji moja ya Nakuru. Pasaka hiyo walikwenda kando ya barabara kutazama mashindano ya magari ya Safari. Celica ilipopita, Mogaka alikuwa ameinama anatoa mwiba mguuni. Alipoinua kichwa aliona tope likitua na watu wakishangilia. Mtu mwingine angesahau. Yeye alioa, akahamia Migori, akafungua gereji karibu na kinu cha kusaga mahindi, na kwa miaka kumi na mmoja akawa anakusanya kila kipande cha gazeti kilichotaja gari hilo. Alivihifadhi ndani ya Biblia. Mkewe, Zilpah, alikuwa ameshachoka kuokota picha za magari chini ya benchi la kanisa kila mchungaji alipowaambia wafungue Malaki.

Mlango wa pili alikuwapo Maroa, Mkuria mwenye mikono mipana, ambaye kazi yake ilikuwa kuziba pancha na kumchokoza Mogaka.

"Wewe unapenda gari ambayo haikujui," alimwambia karibu kila siku. "Ata haijui kama kuna Migori."

Mogaka hakukasirika. Alitaka jambo moja tu maishani mwake, na alilisema waziwazi: kutia mkono ndani ya injini ya Celica, ile inayovuta kwa magurudumu yote manne, mara moja tu kabla hajafa.

Basi Ijumaa moja mwaka 1996, saa kumi na moja na nusu jioni, ikaja. Nyekundu, imejaa vumbi, pua imelala chini, imeandikwa GT-Four nyuma. Dereva alikuwa kijana wa Nairobi aitwaye Jeff, aliyekuja Migori kumchukua shangazi yake Dorah wawahi kwao, karibu na Rodi Kopany. Maiti ya mjomba ilikuwa inafika jioni hiyo.

"Fundi, taa zimekataa kutoka," Jeff alisema. Taa za gari hilo hulala ndani ya boneti mchana na kuinuka zikihitajika. "Jamaa aliniwekea redio akakata waya fulani. Na giza ndio hiyo inakuja."

Mogaka alisimama pale spana ikiwa mkononi, macho yakamjaa machozi, na hakuona haya. Kisha akafanya jambo ambalo Maroa hakuwahi kuona fundi yeyote akilifanya kabla ya kazi. Alikwenda kunawa mikono kwa sabuni.

Aliporudi, watu kama ishirini walikuwa wameshalizunguka gari. Wasikilizaji ishirini, na Celica yenyewe katikati! Angenyamazaje?

"Mnaiona hii," alianza. "Wa kwanza alizaliwa Japani mwaka wa sabini, na alikuwa anasukumwa na magurudumu ya nyuma..."

Akaenda pole pole, kizazi kwa kizazi. Akasimulia Safari ya themanini na nne, ya themanini na tano, ambayo yeye mwenyewe alikuwepo, ingawa mwiba hakuutaja, na ya themanini na sita. Akaeleza jinsi watoto waliofuata walivyoanza kuvutwa na magurudumu ya mbele, mpaka akazaliwa huyu wa kuvuta kwa yote manne.

"Safari ya tisini akachukua. Tisini na mbili akachukua. Tisini na tatu, nne za kwanza zote Celica!"

"Na tisini na moja?" Maroa aliuliza.

"Huo haukuwa mwaka mzuri," Mogaka alijibu, akaendelea.

Shangazi Dorah alitoa kichwa dirishani. "Nyathina, mwanangu, umenileta kwa fundi ama kwa mhubiri?"

"Namalizia, mama," Mogaka alisema, akaingia tisini na nne.

Sasa, Mogaka alikuwa Msabato, na gereji yake ilifungwa Ijumaa kwa saa isiyokosea. Jua likishuka nyuma ya paa la kinu, Sabato imeingia, na hakuna chuma kinachoguswa mpaka jioni ya kesho. Siku hiyo alikuwa amefika tisini na tano, mkono umeshanyooka kuelekea kwenye boneti, alipomwona Zilpah amesimama mlangoni na beseni la maji ya kuoga. Zilpah alitazama tu paa la kinu, na juu yake hapakuwa na jua.

Mkono ukarudi mfukoni.

"Fundi?" Jeff aliita.

"Sabato imeingia," Mogaka alisema, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyefiwa.

"Aii, Mogaka!" Maroa alisema. "Si hiyo Biblia yenu inasema ng'ombe akianguka kwa shimo mnamtoa?"

"Ingekuwa ile pikapu ya mwalimu, ningeishika, ningeiita huruma. Hii naitaka sana, Maroa. Nikiishika sasa, itakuwa ni mimi najifurahisha, na Mungu anajua."

Hakuna aliyecheka. Mogaka akafunga mikono nyuma ya mgongo.

"Lakini kusema siwezi kukatazwa. Maroa, fungua boneti. Angalia nyuma ya taa. Kuna kofia ndogo ya raba. Toa. Chini yake kuna kifundo. Zungusha kwa mkono, pole pole. Usilazimishe!"

"Umejuaje na hujawahi kuiona?"

"Zungusha."

Maroa akazamisha mkono wake mpana mpaka kwenye kiwiko, akazungusha, akazungusha tena, na taa ya kushoto ikainuka. Watu wakashangilia. Ikafuata ya kulia. Jeff akaziwasha, zikawaka zote mbili, na ukuta wa kinu ukawa mweupe.

"Jumapili utapita hapa?" Mogaka aliuliza, kama mtu asiyejali.

"Hapana, mzee. Tukizika narudi Nairobi kwa njia ya Rongo."

Ikaondoka. Safari hii Mogaka aliiona vizuri, mpaka ilipopinda na kupotea.

Asubuhi, Maroa, ambaye hakuwa mtu wa kanisa lolote, alikuwa amesimama kwenye lango la kanisa la Wasabato. Akanyoosha mkono wa kulia. Ulikuwa mweusi kwa grisi ya jana mpaka juu ya kifundo cha mkono.

"Sabato njema, Mogaka."

"Hukunawa?"

"Huu sikunawa. Jana nimekula na kushoto, bibi yangu amekataa kuongea na mimi mpaka saa hii. Salamia mtu haraka."

Kusalimiana si kazi. Mogaka aliushika mkono ule, akaubana, akakaa nao muda mrefu kuliko salamu ya kawaida, na Maroa akamwachia.

Ndani ya kanisa, Zilpah alimpa leso afute mkono. Mogaka aliikunja akaitia mfukoni, kisha akafungua Malaki kwa mkono wa kushoto.