Karatasi Iliyogoma Kuzimika

Tuseme ukweli tu: Mama Taa alikuwa na wivu, tena wa kumkosesha usingizi. Miaka tisa amekuwa akipaka dawa kwenye vipande vya karatasi pale maabarani, dawa inayong'aa kijani chini ya taa ya zambarau na kuzimika ikigusana na mabaki ya baruti. Taa hiyo ndiyo iliyompa jina. Halafu nani kachaguliwa kupima udongo wa machimbo ya zamani mbele ya wageni? Wifi yake! Mdogo wa mumewe, ambaye yeye mwenyewe ndiye aliyemwombea kazi.

"Nimemleta kwa mkono wangu, sasa ananipanda kichwani," alimwambia mumewe asubuhi.

"Si ni mdogo wako pia?" mume akajibu, akaendelea na chai yake. Haya, ongea na ukuta.

Kule machimboni wifi alipendeza, lo! Koti jeupe pe, limefuliwa jana. Akagandamiza karatasi kwenye udongo, akaipangusa vumbi kwa pindo la koti, akawasha taa. Karatasi ikang'aa.

"Udongo ni salama," akatangaza. Wageni wakapiga makofi. Mwezi ujao shule ya chekechea ingeanza kujengwa palepale.

Mama Taa, kasimama nyuma na ndoo ya vifaa, aliona rangi. Haikuwa kijani. Ilikuwa buluu nyeupe, rangi ya sabuni ya unga, maana nayo hung'aa chini ya taa ile. Ndiyo sababu yeye koti lake hulifua kwa sabuni ya kipande. Hilo hakumfundisha wifi, na alifanya makusudi.

Mwache aumbuke, moyo ukamwambia. Ila atakayeumia ni nani? Watoto wa watu!

"Rudia, wifi," akasema. "Karatasi mpya, usiipanguse. Hiyo inang'aa sabuni."

Ikarudiwa. Karatasi ikazimika, nyeusi tii. Wageni wakarudi nyuma.

Mkuu wa maabara akamgeukia Mama Taa. "Mambo ya sabuni umeyajua lini?"

"Mwaka wangu wa kwanza."

"Na hukumwambia mwenzio?"

Wifi akadakia, "Aliniambia, mkuu. Mimi ndiye niliyesahau."

Mama Taa akainamia ndoo yake, machozi yanamlengalenga. Jamani, hata uungwana wifi kamzidi!