Mama Karoti na Farasi Aliyedekezwa

Saa moja kasoro asubuhi, Mama Karoti anasimama mlangoni pa chumba cha tatu bandani, mikono nyuma, kipande cha karoti kiganjani. Farasi jike mweupe aitwaye Bibi Harusi ananyoosha shingo, anamnusa mifuko, anamsukuma bega kwa pua.

Mama Karoti hatikisiki, kama gogo.

Farasi anasukuma tena, anapiga mlango kwato. Mwisho anachoka, anageuza uso pembeni. Papo hapo karoti inatokea, juu ya kiganja kilichokunjuliwa bapa.

"Unamfundisha shikamoo?" anauliza fundi wa kwato, nyundo begani.

"Wewe ulifundishwa ikakushinda. Mwache mwenzio ajaribu."

Mama Karoti, 57, ametunza farasi katika banda hili la kufundishia watu kupanda miaka thelathini na mmoja. Kazi alifundishwa na baba yake, aliyeifanya hapa hapa hadi uzeeni. Utotoni, akimpelekea mzee chakula cha mchana, alikatiwa karoti vipande viwili, kimoja chake, kimoja cha farasi.

"Baba alikuwa na sharti moja tu," anakumbuka. "Farasi hapewi mpaka ageuze uso. Akikufuata mfukoni ukampa, umemtuza kwa ujeuri wake."

Wengi bandani hushikilia kwamba kulisha kwa mkono ndiko kunakoharibu farasi, bora ndoo. Yeye hakubali.

"Enzi za baba walikuwepo kumi na wawili, wote wakila mkononi, na hakuna aliyemng'ata mtu. Mzee akiingia aliwasalimu mmoja mmoja, kofia mkononi, utadhani yuko kwa wakwe. Yale yalikuwa maisha, mwanangu."

Mzee alifariki mwaka jana. Katika farasi aliowalea kwa mkono wake, amebaki Bibi Harusi peke yake.

"Nikimwona huyu, namwona baba," anasema, akifuta mikono kwenye kanga. "Basi tangu msiba, kila nikipita nilikuwa nampa. Kageuza uso, hakugeuza, nilimpa. Nililia naye huku nikimlisha."

Mwezi uliopita Bibi Harusi alimrarua mfuko binti anayejifunza kupanda, akamng'ata ubavuni. Mwenye banda akaamua farasi auzwe.

Mama Karoti alimfuata ofisini na buti zake za matope. "Dada, nipe wiki tatu. Karoti haina kosa. Aliyemharibu ni mimi."

"Wiki tatu," akajibiwa. "Asipotulia, mnunuzi anakuja Jumatatu yake."

Siku za mwanzo bega lilimvimba kwa kusukumwa. Farasi alisukuma mara ishirini kabla ya kukata tamaa. Leo, mara mbili.

Zimebaki siku nne. Jumamosi yule binti amekubali kurudi na karoti yake mwenyewe, mwenye banda akitazama. Bibi Harusi akifaulu, Mama Karoti anataka kila mwanafunzi afundishwe sharti la mzee kabla ya kushika hatamu.

Yeye mwenyewe hataingia bandani siku hiyo.

"Akiniona mimi atajitahidi kwa ajili yangu, na adabu ya kuigiza haidumu," anasema. "Nitakaa nyuma ya ukuta. Nikisikia anatafuna na mtoto anacheka, nitajua baba kaacha mtu hapa."