Nyota Kongwe Zizungukazo Mbio

Mwaka ule, katika miaka ya themanini, niliteleza kando ya kisima hapa Mambrui nikavunjika mguu. Nikawekwa uani juu ya kitanda cha kamba kama gunia la nazi, mguu ndani ya plasta.

Mwanangu alikuwa akifanya kazi kwenye kiwanda cha chumvi, Marereni. Akamwita binti yake kutoka chuo kikuu Nairobi aje aniuguze. Mjukuu huyo nimemlea mimi, mama yake alipofariki, na nasema wazi: mtaani petu hapakuwa na mtoto aliyemshinda kusoma, wa kike wala wa kiume. Alikuwa amemaliza mtihani wa mwisho na amepata nafasi ya kwenda Ulaya kuendelea. Baba yake akamwambia nafasi ingoje. Lakini nafasi ile haikuwa ya kungoja. Kule walimtaka mwezi wa tisa. Asipofika, apewe mwengine.

Hakulia, hakubisha. Aliniogesha, akamwaga uchafu wangu, akanipikia uji. Kila nikimsemesha ni "ndiyo, bibi" au "la, bibi". Alikuwa kama nyumba iliyofungwa madirisha.

Umeme ulikuwa haujafika mtaani, na mtu aliyelala chali hana cha kutazama ila mbingu. Siku moja, tulipokwisha sali isha, kimya chake kikanichosha.

"Hicho unachosomea ni nini hasa? Nyota, nyota zipi? Kilimia?"

"Si Kilimia, bibi." Akakaa ukingoni mwa kitanda, akanyoosha kidole kusini. "Waiona ile yenye ukungu?"

"Naiona. Kilichovunjika ni mguu, si macho."

Akacheka. Kumbe ile si nyota moja. Ni nyota zisizo na idadi, zimegandamana kama nyuki kwenye tawi, zote kongwe. Nyota ikizeeka, alisema, hufura, huwa nyekundu, na kuzunguka kwake hupungua. Lakini mle ndani mna chache za ajabu. Zimeupita uzee huo, zimegeuka buluu, na baadhi yake zazunguka mbio kuliko ilivyotarajiwa.

"Wajuaje kuwa kitu chazunguka, na chenyewe ni nukta?"

Akaingia ndani, akatoka na taa ya chemni na wanja wangu. Akauchora mstari mwembamba mgongoni mwa mkono wake.

"Mwanga wa nyota ukipasuliwa rangi zake, bibi, mna mistari myeusi kama huu. Nyota ikizunguka, upande mmoja watujia, upande wa pili watukimbia. Basi mstari wavutwa huku na huku." Akausugua kwa kidole. "Wanja ni ule ule, ila sasa umepanuka, umefifia. Ukiupima upana wake, umezijua mbio za nyota."

"Na kwa nini nyengine zazunguka hivyo na nyengine haziwezi?"

"Hakuna ajuaye. Wako wasemao moyo wa nyota haukupoteza mbio zake, ngozi tu ndiyo iliyochoka. Hilo ndilo nililotaka kwenda..."

"Usinifananishe mimi na nyota upate njia ya kutoka."

"Sikufananishi, bibi. Umeuliza, nakujibu."

Na kweli alinijibu tu. Lakini tangu arudi nyumbani, ile ndiyo mara ya kwanza kuisikia sauti yake. Ile nyengine, ya "ndiyo, bibi", haikuwa yake. Nililala nikijua nimefanywa kufuli.

Ijumaa baba yake akaja. Nikamwambia mtoto aende.

"Mama, kama ni nyota, si aende hapo Ngomeni? Wataliani warusha maroketi kila siku."

"Akawapikie tambi? Nimesema aende alikoitwa."

"Na wewe nani atakuogesha?"

"Wewe."

Mtoto wa kiume hamuogeshi mamake, na nilijua nampiga wapi.

"Huwezi," nikamwambia. "Basi tafuta mwanamke umlipe kwa chumvi yako. Mtoto huyu sikumlea awe gongo langu."

Akauliza gari la Mombasa huondoka saa ngapi.

Akaletwa mama mmoja kutoka Kakuyuni, mwenye mikono mizito na moyo mwema. Mguu haukunyooka, hata leo nachechemea, na siku zile nililala na maumivu ambayo mikono ya mjukuu wangu ingeyapunguza. Silifichi hilo.

Asubuhi ya safari mjukuu wangu aliniogesha mwenyewe, akanitia wanja.

"Uwe mwembamba," nikamwambia.

Akanibusu mkono, akatoka. Nilijikaza mpaka gari lilipopinda kona.

Yule mama wa Kakuyuni akaja na uji, akanitazama. "Bibi, nani kakuvuruga wanja hivi?"

Nikamwambia anigeuze, mguu waniuma.