Mbunge wa Kiangazi

Nilikaa bungeni vipindi vinne, na ukizikusanya taarifa rasmi za vikao vyote hivyo utaona kwamba neno nililolisema kuliko mengine yote ni "ahsante". Nilimshukuru Spika kwa kunipa nafasi. Nilimshukuru Waziri kwa majibu mazuri, hata pale ambapo hakuwa amejibu kitu. Niliwashukuru wapiga kura wangu, familia yangu na Mwenyezi Mungu, na nilipomaliza kushukuru kengele ilikuwa imeshalia. Mke wangu, aliyekuwa akinitazama kwenye televisheni nyumbani kwetu Miyuji, hapo hapo Dodoma, aliniuliza siku moja, "Hivi kule umeajiriwa kutoa shukrani?" Nikamwambia siasa ina adabu zake. Akasema, "Sawa, ahsante," akaenda zake jikoni.

Jimbo langu liko milimani, mbali kidogo ukishaiacha lami ya njia ya Kondoa. Kuna vijiji upande mmoja na zahanati upande wa pili, na katikati limepita korongo pana la mchanga. Miezi mingi ya mwaka hakuna chochote mle ila mchanga na nyayo za mbuzi. Mvua zikinyesha huko juu, korongo linageuka mto, na mtu wa upande ule asiwe mgonjwa siku hiyo. Kwa hiyo ahadi yangu kubwa, tangu kampeni ya kwanza, ilikuwa daraja.

Sasa, uchaguzi wetu hufanyika Oktoba, jua likiwa limekausha hata mate mdomoni. Uwanja mzuri wa mikutano katika sehemu ile ulikuwa korongo lenyewe: pana, tambarare, halina miiba. Ndipo tulipoweka vipaza sauti. Niliahidi daraja nikiwa nimesimama mtoni, mbele ya watu waliokaa mtoni, na vumbi likinipanda mpaka kooni. Mara mbili ilibidi niombe maji ya kunywa ili niweze kuendelea kueleza hatari ya maji.

Katika kila mkutano alikuwepo mama mmoja mtu mzima, mkulima wa mtama na alizeti, anayeishi upande ule usio na zahanati. Alikuwa akingoja vijana wamalize kuomba jezi na mipira, kisha ananyoosha mkono taratibu.

"Mheshimiwa, daraja tumelisikia," alisema mara ya kwanza. "Wewe njoo masika, ulione korongo kwanza."

"Nitakuja mama, Inshallah."

Na nilimaanisha, wallahi. Lakini masika yakiingia mimi niko Dodoma. Kuna vikao vya Januari na Februari, kuna kamati, na wiki ambazo hazina vikao wala kamati kuna utelezi, na gari langu lilikuwa jeupe. Mvua ikikatika ndipo bajeti inaanza. Kampeni ya pili mama yule akasema yale yale, nami nikajibu yale yale. Ile Inshallah yangu niliibebesha mizigo ambayo haikuumbiwa.

Kusema kweli akili yangu ilikuwa kwenye unaibu waziri. Kila ziliposikika tetesi za mabadiliko ya baraza, nililala na simu kifuani na suti imening'inia mlangoni, imepigwa pasi. Asubuhi moja ya tetesi hizo simu ikaita kwa namba nisiyoijua. Nikasimama wima kitandani, nikafunga kifungo cha pajama, nikaitikia, "Ndiyo, Mheshimiwa!" Mpigaji akauliza kama mimi ndiye ninayeuza mitamba.

Lile swali la daraja nililiuliza bungeni, tena kila mwaka, msidhani nililala kabisa. Naibu Waziri alisimama na kujibu kwamba Serikali inatambua umuhimu wa daraja hilo, upembuzi yakinifu unaendelea, na ujenzi utaanza kadiri fedha zitakavyopatikana. Nililijua jibu hilo kwa moyo hadi midomo yangu ilikuwa ikicheza naye pamoja. Kisha nilisimama kuuliza swali la nyongeza: je, Mheshimiwa Naibu Waziri yuko tayari kuambatana nami mara baada ya kikao hiki, ili akajionee mwenyewe adha wanayoipata wananchi? Naye alijibu kwamba yuko tayari. Wenzangu waligonga meza kwa shangwe. Hakuna Naibu Waziri aliyewahi kuambatana nami, na hakuna aliyejua kwamba ninamwalika akajionee kitu ambacho mimi mwenyewe sijawahi kukiona.

Ndipo akaja mgeni mmoja kutoka Bunge la Uingereza. Alikuja na ujumbe wa wenzake, nami nikapangiwa kumtembeza. Alikuwa mzee mrefu mwenye koti lililochakaa viwikoni, na begi lake alilibeba mwenyewe, akinifanya nijisikie vibaya kwa sababu langu lilikuwa limebebwa na dereva. Njiani nilimuuliza historia yake. Alikuwa mbunge wa jimbo moja kwa zaidi ya miaka thelathini.

"Na wizara gani umeongoza?" nikauliza.

"Hakuna."

"Hata unaibu?"

"Hata unaibu. Siku zote nimekaa viti vya nyuma."

Nilimpa pole kwa dhati, kama anayehani msiba. Akacheka. Akaniambia kila Ijumaa, vikao vikiisha, anapanda treni kwenda jimboni, na Jumamosi anakaa kwenye chumba kidogo cha maktaba ya mji, mtu yeyote anaingia na shida yake. Kiwe kipupwe, iwe theluji. Nikamuuliza katika miaka yote hiyo amefanya jambo gani kubwa. Akasema kuna kituo kidogo cha reli ambacho kila serikali inayoingia hutaka kukifunga, naye kila serikali inayoingia husimama bungeni na kuiuliza habari za kituo hicho, mpaka mawaziri wakimwona anasimama huanza kuguna.

"Kwa hiyo kimefungwa?"

"Bado," akasema, akaangalia dirishani kwa furaha ya mtu aliyeshinda kombe.

Mimi moyoni nikasema: masikini, miaka thelathini kwa ajili ya kituo cha treni.

Ilikuwa Agosti. Nikampeleka kwenye korongo, maana nilikuwa nimewaandaa watu, na mama yule wa mtama alikuwemo. Mgeni akatembea mpaka katikati ya mchanga, akageuka huku na huku.

"Na mto wenyewe uko wapi?"

"Umesimama ndani yake, Mheshimiwa."

Akatazama viatu vyake. Akaniuliza maji yakija hufika wapi. Nikajibu kwa sauti ya mtaalamu, nikiweka kiganja kifuani kwangu: "Hapa." Nyuma yangu watu wakaangua kicheko. Nilipogeuka nikamwona mama yule amenyoosha mkono juu, juu kabisa ya kilemba chake, na bado amesimamia vidole vya miguu.

Mgeni alisubiri mpaka tulipokuwa peke yetu garini. Hakuniambia neno la kunifundisha. Aliuliza tu, kwa upole, "Mara ya mwisho uliuona lini una maji?"

"Mwaka jana," nikasema. Mwaka jana huo, mvua zilipokuwa zikinyesha milimani, mimi nilikuwa Miyuji nimekunja miguu natazama mpira. Nadhani alijua. Waliokaa bungeni miaka thelathini huijua sauti hiyo.

Baada ya hapo nilikusudia kubadilika. Ilipofika Novemba nilitangaza kwamba kila Jumamosi nitakaa jimboni nisikilize watu, kama mwenzangu wa Uingereza. Jumamosi ya kwanza walikuja watu wa kijiji kizima, wakakaa wakingoja, kwa sababu kwetu mbunge hakusanyi watu bila pilau. Hakukuwa na pilau. Jumamosi ya pili walikuja wawili, waliodhani pilau iliahirishwa. Jumamosi ya tatu mvua zilianza, na mimi nikabaki Dodoma. Mageuzi yangu yaliishia hapo.

Kura za maoni za mwisho ziliponifika, wajumbe wa chama walikula kwangu mchana wakiniita jembe, na jioni wakamchagua kijana ambaye niliwahi kumtuma dukani aninunulie vocha. Wajumbe si watu, wanasema mjini. Lakini nikiwa mkweli, wajumbe walikuwa watu tu, walionichoka. Nililia, na si kwa siri. Mke wangu alinipa leso, na kwa mara ya kwanza hakunitania. Simu yangu ikakaa kimya kiasi kwamba niliipeleka kwa fundi. Fundi akasema haina tatizo lolote.

Tukarudi kijijini kwetu, upande wa zahanati, kulima. Ndivyo ilivyotokea kwamba Januari ikanikuta jimboni, kwa kuwa sikuwa na mahali pengine pa kuwa. Siku moja nilivuka korongo asubuhi kwenda kumjulia hali shemeji yangu aliyekuwa anaumwa. Mchanga ulikuwa na unyevu tu. Niliporudi mchana nilisikia mngurumo kabla sijaona kitu, kama mashine ya kusaga inayotembea. Nilipofika ukingoni, ule uwanja wangu wa mikutano haukuwepo. Palipokuwa jukwaa palikuwa panapita mti mzima, na mizizi yake. Maji yalikuwa mekundu na yalijaa ukingo kwa ukingo. Nilisimama nimeshika kofia, nikaona aibu ambayo sijawahi kuiona hata siku ya matokeo.

Chini ya karatasi la nailoni walikaa watu wanaongoja, na katikati yao kitanda cha kamba. Juu yake alilala mwanamke kijana, uchungu umemshika tangu alfajiri; walipofika naye ukingoni, kwa miguu, maji yalikuwa yamewatangulia. Kichwani kwake alikaa mama yule wa mtama. Mgonjwa alikuwa mkamwana wake.

"Shikamoo mama," nikasema.

"Marahaba, mwanangu. Umekuja." Akasogea kunipa nafasi kwenye mkeka. Hakunisuta hata kidogo, na ingekuwa nafuu angenisuta. Kazi hiyo aliifanya mzee mmoja pembeni. "Kumbe tungemnyima kura mapema," akasema, "angefika mapema." Wakacheka wote, hata yule mgonjwa alitabasamu, kisha uchungu ukamrudia na kicheko kikakatika.

Nikapanda kichuguu kutafuta mtandao. Nilimpigia rafiki yangu wa miaka mingi, ambaye sasa ni Naibu Waziri, nikitaka nini hata sijui: helikopta labda. Iliita mpaka ikakatika. Nikampigia msaidizi wake, kule Mtumba kwenye ofisi za wizara. "Mzee, Mheshimiwa yuko bungeni," akasema. Naam, Januari, kipindi cha maswali. Nilijua hata anachokisema kwa wakati ule. Nikashuka kichuguuni na simu yangu mkononi, na hakuna aliyeniuliza nimepata jibu gani.

Tukangoja. Kila alipougulia mkamwana, mama yule alitazama maji, si mbingu. Kijana mmoja alichomeka fimbo ukingoni na kuisogeza maji yalivyopungua. Niliogopa, nasema wazi. Nilikuwa nimelitaja korongo hili bungeni mara nyingi kuliko jina la mke wangu, na sikujua hata linachukua muda gani kushuka.

Mtoto alizaliwa salama zahanati jioni ile, wa kike. Hilo naliweka hapa mapema ili msikae na roho juu kama nilivyokaa mimi. Daraja halijajengwa. Kijana aliyechukua kiti changu ameahidi kulitembelea korongo mwezi wa nane, njia ikiwa imekauka, na nilipomfuata kumsihi aende sasa, alinishukuru sana kwa ushauri.

Maji yalipofika kiunoni walisema twende, kwa sababu huko kwenye mito ya milimani wingu jingine lilikuwa linajikusanya. Kitanda kinahitaji watu wanne. Vijana walikuwa watatu, wa nne alikuwa amebaki ng'ambo. Mama yule akapitisha macho kwa waliokuwepo: wanawake, wazee wawili wenye mikongojo, na mimi.

"Vua viatu," akaniambia. Hoja ikapita bila mjadala.

Nikashika mguu wa nyuma wa kitanda, upande maji yanakotoka. Hatua za kwanza mchanga ulikuwa ukiondoka chini ya nyayo zangu kabla sijaukanyaga vizuri, na suruali ikanielemea. Kijana wa mbele aliita, "Pamoja! Pamoja!" Tulipofika katikati, gogo likanigonga pajani nikayumba, kitanda kikainama upande wangu. Mwanamke yule akalishika shati langu begani, kwa nguvu zote.

"Baba," akasema, "usiniangushe."

Miaka yote ile watu wa jimbo langu waliniomba mengi, na kila walichoniomba nilikipeleka mahali kikajibiwe. Hili halikuwa na pa kupelekwa. Nikasema "sitakuangusha," nikakaza mkono, tukasonga.